Mlima Haukumla Papa

Mwanangu wa mwisho alipobanwa na mafua, jirani yangu aliniletea matawi ya mikaratusi nimchemshie majani avute mvuke. Nilimshukuru, nikabandika sufuria, na harufu ilipopanda tu nikatoka nje mbio na kuushika ukuta. Jirani akadhani nina mimba. Nikamwacha adhani hivyo. Nitamwelezaje mtu kwamba harufu anayoiita dawa, mimi ikinifikia puani natamani kumkaba mtu koo? Na huyo mtu ameshakufa.

Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa viti hapa mjini Kamembe. Alikuwa na chumba kimoja cha kazi kando ya barabara, kimejaa sponji, vitambaa na makopo ya gundi. Siku nzima alikuwa ndani, ameinama juu ya makochi ya watu, misumari midogo midomoni. Jioni alirudi macho mekundu, nguo zake zinanuka gundi hata Mama akizifua. Jumapili hakugusa nyundo. Wengine siku hiyo waliamka kwa uvivu, lakini sisi kwa Papa tuliamshwa kabla chai haijachemka.

"Amukeni, tuende kuosha mapafu," alituambia. "Nyumba njo ya kulala tu. Muntu anaishi inje."

Hapo safari ilianza, nyumba nzima: Papa, Mama, kaka yangu Hamza, mimi, na mdogo wetu Mariamu. Papa alimbeba Mariamu mabegani na kikapu cha chakula mkononi. Kikapu kile kiliwachekesha sana wanaume wenzake. Tukipita mbele ya kibanda cha kahawa walimpigia kelele, "Papa Hamza! Bibi yako njo alikuoa?" Naye aliwajibu bila kupunguza mwendo, "Ndiyo, na alinioa vizuri!" Mama alijificha uso kwa mtandio, lakini mimi niliyekuwa mfupi nilimwona akicheka chini ya kitambaa.

Wakati mwingine tulipanda tu kilima cha karibu kutazama ndege ikishuka uwanjani, ziwa likimeta chini yetu na mji wa Bukavu ng'ambo, nyumba zimeshikilia mteremko kama kupe. Siku nyingine tulivuka kwenda kisiwa cha Nkombo, Papa akatufundisha kulala chali juu ya maji bila woga, kiganja chake kimewekwa chini ya mgongo, kisha kinaondolewa usijue kimeondolewa lini. Lakini mahali alipopapenda kuliko pote ni Nyakabuye, kwa wazazi wa Mama, kwenye chemchemi za maji ya moto zinazotoka chini ya mlima. Babu alikuwa amekwisha kufariki, amebaki Koko, nyanya yetu, ambaye miguu ilimuuma. Papa alimbeba Koko mgongoni, mama mkwe wake, mchana kweupe, mpaka chemchemini, akamkalisha kwenye jiwe na kumtumbukiza miguu kwenye maji ya vuguvugu. Wapo walioona aibu kwa niaba yake. Yeye hakuona. Alimwuliza tu, "Koko, moto imefika kwenye mufupa?" Na Koko, macho yamefumba, alisema, "Imefika, mwana yangu."

Nayaeleza haya ili ujue ni mtu wa namna gani tuliyenyang'anywa.

Siku ile tulikuwa pale pale chemchemini. Mama alitandika mkeka, akatoa chai, chapati na sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na Mariamu akaanza kulilia matunda. Juu mlimani kulikuwa na vichaka vya inkeri, yale matunda mekundu ya porini yanayochafua midomo. Papa akasimama, akajipangusa suruali.

"Musikule sambaza yote," alisema. "Nakuya sasa hivi."

Akapanda. Nilimtazama mgongo mpaka miti ikamfunika. Tukangoja. Mama akafunika chakula kwa sababu ya nzi, baadaye akakifunua, akakifunika tena. Chai ikapoa. Mama akaanza kumwita, kwanza kwa sauti ya kutania, kisha kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

Walioshuka walikuwa wanaume tusiowajua, wamebeba machela ya fito. Nyuma yao alikuja mtu mnene mwenye kofia, ameishika kifuani. Huyo tulimjua. Watu wote walimwita Patron, yaani bosi. Jina lake Sirili, mfanyabiashara wa Kamembe mwenye malori na nyumba ya ghorofa karibu na shule yetu. Papa alikuwa amemshonea makochi yake yote.

"Maman Hamza, pole," alisema. "Ameteleza pale juu kwenye jiwe. Hii mulima ni mubaya tangu zamani. Njo imemukula."

Mama alianguka. Hamza akamkimbilia. Mimi nilimsogelea Papa. Nywele zake zilikuwa zimejaa majani ya mikaratusi, mabichi, yamenata kwenye damu, na harufu yake ilikuwa kali kuliko harufu ya damu. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Weupe ule ulikuwa pia shavuni na pembeni mwa mdomo, kama uji uliokauka. Nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimesikia sasa hivi kwamba mlima umemla, nami nikaelewa kama mtoto anavyoelewa: yale yalikuwa mate ya mlima.

Msibani nilimfuata Koko jikoni nikamwuliza, "Koko, kama mulima ilimukula, ilimutema kwa nini?"

Koko alikuwa anatazama moto, akili yake haipo. "Haikumuweza, mutoto," alisema. "Papa yako alikuwa mukubwa."

Basi. Nilikuwa nimepata adui na sababu.

Patron alileta mbuzi na gunia la mchele msibani. Wakati watu wamekaa uani alisimama, akakohoa, akatoa nasaha ambayo hakuna aliyemwomba. "Bandugu, tuchunge. Muntu akiwa na bibi na batoto, pahali pake si kwenye pori kama mbuzi. Angalieni leo batoto bamebaki na nani." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama akainamisha kichwa, na nadhani siku hiyo ndiyo aliyoanza kuona aibu kwa kila Jumapili tuliyotembea. Mbuzi akapikwa, nasi tukamla.

Likizo ilipofika Mama alikwenda nasi kukaa kwa Koko, maana nyumbani kulikuwa kumepungukiwa na kila kitu. Huko nikawa karibu na adui yangu. Kila asubuhi, Koko akidhani nacheza, nilipanda mlimani kuuadhibu. Nilivunja miche. Niliupiga mawe, nikautemea mate. Nilipoona haya yote hayauumizi, nikaiba pilipili za Koko, zile ndogo kali, nikaziponda kwa jiwe na kuanza kuzishindilia katika nyufa za miamba. Niliamini nyufa zile ni vinywa vyake. Nilitaka mlima ule ukose usingizi. Nilijisugua macho kwa bahati mbaya kwa mkono wa pilipili, nikalia, nikaendelea kushindilia huku nalia.

Ndipo mwanamke mmoja akanikuta. Alikuwa na kikapu tupu kichwani, anarudi kazini baada ya kushusha mzigo.

"Unafanya nini hapa, mutoto?"

"Nachoma mulima kinywa. Ilikula Papa yangu."

Hakucheka. Akashusha kikapu chini ili anifute macho kwa kitenge chake, na hapo nikaiona mikono yake. Ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Nikarudi nyuma. "Na weye mulima ilikulamba?"

"Ilinilamba?"

"Hii mate. Papa pia alikuwa nayo."

Yule mama alijitazama mikono. Kisha akakaa chini, vile alivyokuwa, kwenye njia, akaanza kulia kuliko mimi. Jina lake lilikuwa Maman Esperanse. Alipomaliza kulia alinishika mkono, akasema, "Kuya. Mimi siwezi kubeba hii kintu tena."

Hatukwenda mbali. Nyuma ya vichaka vya inkeri, hatua chache tu kutoka kwenye matunda, palikuwa na shimo. Sijawahi kuona shimo refu vile. Kuta zake zilikuwa nyeupe tupu, kama sufuria ya maziwa, na chini kabisa palikuwa na mawe yaliyochongoka. Ni shimo la chokaa. Wanawake waliteremka kwa ngazi upande wa pili na kupanda na vikapu, na malori ya Patron Sirili yalichukua. Hakuwa na kibali. Watu walikuwa wamemwambia aweke uzio, kwa sababu watoto huja kuchuma matunda, naye akawajibu, "Nani anapita huku? Mbuzi tu." Kisha akasikia kwamba viongozi wanakuja kukagua mlima. Jumamosi hiyo akaamuru shimo lifunikwe: fito nyembamba, na juu yake matawi mabichi ya mikaratusi, lisionekane kabisa.

"Siye njo tulikata majani," alisema Maman Esperanse. "Alitwambia ni ya kuficha tu mpaka Jumatatu. Papa yako alikuya Jumapili."

Walinzi wake ndio waliosikia kelele. Kabla ya kutuletea Papa walimtoa shimoni, wakamlaza chini ya jabali, wakamwita Patron, na Patron akawaambia la kusema.

Sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka tu kwamba nilipopita kwenye zile nyufa nilizozijaza pilipili nilisimama, nikaanza kuzichokoa kwa kijiti, moja baada ya nyingine, na kuzipuliza, huku nikiuambia mlima pole. Nilikuwa naona aibu mbele ya mlima kama mtu aliyempiga mtoto asiye na kosa. Na ndani ya aibu hiyo kitu kingine kikawa kinawaka. Mtu yule alikuwa amemwua Papa, akamtukana juu ya maiti yake, kisha akanifanya mimi, binti yake, niuchukie mlima aliokuwa anaupenda. Hilo la tatu ndilo lililoniuma kupita yote. Nilikuwa nimemtumikia muuaji wa baba yangu bila kujua.

Mama alinisikiliza akiwa amesimama. Kesho yake alikwenda kumwona Maman Esperanse, akahakikisha. Kisha akavaa mtandio wake mzuri na kwenda kwa viongozi. Waliitwa wote. Maman Esperanse, ambaye mume wake na watoto wake walikuwa wanakula kwa kazi ya Patron, alisimama mbele ya watu, akatazama chini, akasema hajui kitu. Walinzi wakasema Papa aliteleza. Patron akamwambia Mama, kwa sauti ya huruma ambayo wote waliisikia, "Maman Hamza, uchungu inaweza kupoteza muntu akili. Sikukasirikii." Shimo lenyewe lilikuwa limeshafukiwa na kupandwa migomba juu.

Tulirudi Kamembe. Tulipofika nyumbani Mama alivua mtandio, akaukunja vizuri, akaniambia, "Bakubwa bamekataa kusikia." Akanitazama sana aliposema hivyo. Labda hakumaanisha kitu. Mimi nilisikia kwamba wamebaki watoto.

Shuleni wasichana tulikuwa tunaruka kamba wakati wa mapumziko, na kila mchezo una wimbo wake. Nikatunga mpya. Ulikuwa wa maswali na majibu: wawili wanaozungusha kamba wanauliza, anayeruka anajibu.

*Patron, Patron, unafunika nini?*
*Majani, majani!*
*Chini ya majani kuna nini?*
*Shimo, shimo!*
*Na shimo ni ya nani?*
*Ni ya Mzee Shimo!*

Kwenye jina hilo kamba inazungushwa kwa kasi mpaka anayeruka aanguke, na wote wanapiga kelele. Ulikuwa mchezo mzuri, nasema kweli. Kila mtoto aliupenda. Haukupita muda, ukaruka ukuta wa shule, ukaingia mitaani, sokoni, mpaka bandarini. Sikumweleza mtu maana yake ila Hamza, na Hamza akawaeleza rafiki zake, na rafiki zake wakawaeleza kaka zao. Nyumba ya Patron ilikuwa karibu na shule. Aliusikia asubuhi, aliusikia mchana. Mara ya kwanza alipotoka na fimbo kuwafukuza wasichana, mji mzima ulijua wimbo ni wa nani. Kama angenyamaza, huenda ungekufa. Lakini alitoka. Kisha akatoka tena.

Jambo tamu kuliko yote lilitokea mbele ya macho yangu. Mjukuu wake wa kike, mtoto mdogo mwenye riboni kichwani, alikuwa anaruka kamba mbele ya geti lao, akijibu kwa sauti safi, *ni ya Mzee Shimo!* Patron alikuwa amesimama kwenye baraza la ghorofani. Niliinua uso, akaniona. Nilitabasamu. Nilikuwa na meno mapya mbele, makubwa, nami nikamwonyesha yote.

Madereva wake wakaanza kumwita hivyo nyuma yake. Wauza vitenge wakamwita hivyo. Watu waliofika mjini karibuni, wasiojua hadithi yote, walidhani ni jina lake halisi na kumsalimia kwa heshima: "Yambo, Mzee Shimo." Naye kila aliposalimiwa alishituka kama mtu aliyepigwa jiwe.

Nilikuwa nimeshaingia sekondari siku alipokuja kwetu. Alikuja kwa miguu, amevaa suti, ameshika kofia ile ile kifuani kama siku ile. Mama alimpa kiti. Hakumpa maji.

"Maman Hamza," alisema, "mutoto wangu anataka kuoa. Bantu ba kwa bibi arusi bameuliza, huyu Mzee Shimo ni nani. Nimekuya kukuomba. Ambia huyu binti yako atoe ile jina."

"Batoto banacheza, Patron," alisema Mama. "Mimi naweza kukataza mji muzima kucheza?"

Akanigeukia mimi. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimelisubiri jambo hili tangu siku ya nyufa.

"Nitaitoa," nilisema. "Uniambie tu Papa alianguka wapi."

Nje kuku walikuwa wanaparua.

"Mutoto, yale maneno ni ya zamani..."

"Wapi, Patron?"

Akafuta uso. Akamtazama Mama, Mama akamrudishia macho bila kupepesa. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Kwenye shimo."

"Shimo ya nani?"

Niliona mdomo wake ukifunguka. Naapa nilikuwa tayari. Angelitaja tu, mbele ya Mama, "yangu," ningekwenda mitaani mwenyewe kuwanyamazisha watoto. Lakini aliifikiria, niliona akiifikiria, kisha akavaa kofia yake na kusimama.

"Mulima ile ni mubaya," alisema. Akatoka.

"Kwenda muzuri, Mzee Shimo," Mama alimwambia mgongoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia jina lile.

Arusi ya mwanawe ilifanyika, lakini kwa binti wa watu wengine, na mbali. Miaka imepita tangu hapo. Maman Esperanse alikuja kumwangukia Mama miguuni, na Mama alimsamehe. Alisema yule alikuwa mtu mwenye njaa. Mimi nimekuwa mama wa watoto, na mlimani nawapeleka, wakichuma inkeri mpaka midomo inakuwa myekundu. Watu wa dini, Waislamu wenzangu na Wakristo pia, wameniambia kwamba chuki inamla anayeibeba. Wanasema hivyo kwa sababu wananitakia mema. Mimi nimenenepa.

Alipokufa, gari lenye kipaza sauti lilipita Kamembe kutangaza msiba. Lilitaja jina lake lote la ubatizo na ukoo wake. Sokoni wanawake walitazamana: "Nani huyo?" Hakuna aliyejua. Gari likaenda, likazunguka, na liliporudi mara ya pili mtangazaji alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Alitaja tena majina yale yote mazuri, akasita kidogo, akaongeza: "Yaani Mzee Shimo." Hapo wote wakasema, "Aaa!"

Nilikwenda mazikoni. Watu walinipisha njia kwa heshima, wakiamini nimekuja kusamehe. Nilikuja kuangalia. Nilisimama mbele kabisa, nikangoja mpaka koleo la mwisho.

Niliporudi, Mama alikuwa uani anachambua maharagwe. Amezeeka, lakini jiwe dogo bado halimpiti.

"Bamemuzika?" aliuliza.

"Bamemuzika, Mama."

"Bamefunika na nini?"

"Na udongo. Mwingi. Na mawe juu."

Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Kumbe banajua kufunika shimo," alisema.